Bustani ya mapambo juu ya mawe ya volkano: jinsi ya kuijenga kwa mikono yako hapa Goma

Anayeishi Goma hatafuti jiwe, jiwe linamtafuta yeye. Ukichimba choo, jiwe. Ukitaka kupanda mchicha nyuma ya jiko, jiwe. Kiwanja changu, au parseli kama tunavyosema sisi, kiko juu ya mkondo wa lava ulioshuka tarehe 17 Januari 2002, siku ambayo moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kuingia ziwani. Jirani yangu aliagiza malori mawili ya udongo akaufukia mwamba wake. Mimi sikuwa na pesa ya lori hata moja, nikaanza kupanga mawe.

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Sijasomea sanaa, wala ujenzi, wala kilimo. Leo nina bustani ya hatua kumi na mbili kwa tisa, yenye vijia, ngazi ndogo, kundi la samaki wa vioo na mimea ambayo watu husimama mlangoni kuiangalia. Naulizwa kila wiki nilifanyaje, na kila wiki nasahau kueleza kitu fulani muhimu. Kwa hiyo naandika hapa, pamoja na vipimo.

Neno moja kabla ya yote: usiufiche mwamba. Bustani inayopendeza Goma ni ile ambayo lava inaonekana, na mmea unakaa pale jiwe lilipouachia nafasi. Karibu makosa yote niliyoyaona, yangu na ya wengine, yalitokana na kutaka kulifanya jiwe lisiwepo.

Kwanza, keti uangalie

Siku tatu za mwanzo usiinue kitu. Chukua kipande cha chokaa, na asubuhi, saa sita na saa kumi chora mpaka wa kivuli juu ya mwamba. Siku ya tatu utakuwa na ramani: huku jua linakaa kutwa, huku ukuta wa jirani unakinga, huku kuna kivuli cha moja kwa moja. Usidharau kazi hii. Mwamba mweusi unakusanya joto, na saa nane mchana wa Julai huwezi kuacha kiganja chako juu yake. Mmea wa majani laini ukiuweka hapo utaungua hata ukiumwagilia.

Kisha mimina bidoni moja ya lita 20 mahali palipoinuka kuliko pote, ufuate maji kwa macho. Hayaendi mbali. Lava imejaa vitundu na nyufa, na maji yanamezwa kabla hayajafika mlangoni. Kila ufa unaoyameza utie alama. Humo ndimo mimea yako itakamokaa, na nitaeleza namna ya kuzuia udongo usimezwe pamoja na maji.

Angalia pia ngozi ya jiwe. Kuna lava iliyoganda ikiwa imejikunja, kama kitambaa kilichosukumwa kwa mkono juu ya meza. Hiyo usiivunje hata kidogo. Ifagie, iache wazi, panga vitu vingine pembeni yake. Mimi niliponda mita mbili za mikunjo hiyo mwanzoni ili nipate kijia kilichonyooka, na mpaka leo najuta kila nikipita. Kuna na ile iliyovunjikavunjika, yenye meno. Hiyo ndiyo ya kujengea, kwa sababu meno yake yanashikana.

Ukikuta jiwe lenye kitu cha kijivu juu yake, kama sufi iliyokauka, usilisugue. Ni kiumbe hai kidogo kisicho na mizizi, kimoja katika vitu hai vya kwanza kabisa kuota juu ya lava ya Nyiragongo. Kimechukua miaka kufika hapo. Geuza jiwe hilo uso wake uonekane.

Onyo kuhusu mashimo

Wengi hupenda bustani yenye sehemu ya chini, kishimo cha kukaa au kidimbwi. Goma usifanye hivyo kabla ya kuuliza wenyeji. Tuna mazuku, ile hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Huioni. Inajulikana zaidi upande wa magharibi wa mji, ukielekea Bulengo na Sake, lakini mkondo wa lava una nyufa nyingi na hujui kila ufa unaunganika na nini.

Nilipotaka kuchimba kona ya chini ya kiwanja changu, nilikwenda kwanza kwa mzee wa avenyu yetu.

«Jambo, mzee. Nataka kuchimba kidogo pale chini, niweke kiti.»

«Pale kwenye mgomba mkavu?»

«Ndiyo, mzee.»

«Mwanangu, acha. Zamani kuku wa mama fulani walikuwa wanalala pale na hawaamki. Jenga kwenda juu.»

Nilijenga kwenda juu. Dalili unazoweza kuziona mwenyewe ni mijusi, ndege au wadudu waliokufa mahali pamoja, na majani yaliyokauka katika duara wakati ya pembeni ni mazima. Wengine hushusha taa au mshumaa shimoni. Ukizimika, ondoka haraka. Lakini sikiliza vizuri: mshumaa unaoendelea kuwaka si ruhusa, kwa kuwa hewa hii humdhuru mtu kabla haijafikia kiasi cha kuzima moto. Pua ya mtoto na ya mbwa ziko chini zaidi kuliko yako. Hakuna pambo linalostahili hatari hiyo.

Kuchagua na kuvunja mawe

Huko Ufaransa, mwaka 1879, tarishi wa posta aitwaye Ferdinand Cheval alijikwaa kwenye jiwe lenye umbo la ajabu akiwa kwenye mizunguko yake ya kugawa barua. Akalitia mfukoni. Kesho yake akarudi kutafuta mengine. Kwanza aliyabeba mifukoni, kisha kwa kikapu, kisha kwa toroli, na kwa miaka 33 akajenga jumba zima la mawe katika kijiji cha Hauterives bila kufundishwa na mtu. Namtaja kwa sababu ya siku ile ya kwanza. Alichukua jiwe kwa ajili ya umbo lake, bila kujua bado atalifanyia nini. Fanya hivyo nawe: jiwe likikusimamisha, liweke kando ya mengine yote.

Yaliyobaki yagawe katika marundo manne: yenye ukubwa wa kichwa au zaidi, ya ngumi, ya yai, na punje. Marundo yasichanganyike. Ukichanganya utapoteza nusu ya siku kutafuta jiwe moja dogo la kuzibia.

Mawe ya kiwanja chako yakipungua, tafuta jirani anayesawazisha chake. Mara nyingi atakushukuru ukiyaondoa, nawe utamlipa tu kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Chukudu moja hubeba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani, ila muombe asishushe kwa kumwaga, maana mawe yenye meno huvunjika ncha. Punje usijisumbue kuziponda mwenyewe. Wapo akina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara, wanauza kwa ndoo au karai. Nunua kwao, na usimpunguzie bei mtu anayepasua lava juani kwa nyundo ya mkono. Usichukue mawe ndani ya Hifadhi ya Virunga, wala kwenye ukuta wa mtu aliyehama, atarudi.

Kuvunja kuna utaratibu wake. Vaa viatu vilivyofunika vidole, mikono mirefu, na miwani. Miwani si hiari: ngozi ya lava ni kama kioo, na kipande kinachoruka kinakata kama kioo. Lowesha jiwe kwanza ili vumbi lisipande kifuani. Ligeuze mpaka uone mstari, yaani mahali vitundu vimejipanga safu moja kama mshono. Weka tindo hapo, piga mara tatu nne kwa nguvu ya wastani ukisogea kwenye mstari huohuo, ndipo upige kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu tangu mwanzo jiwe litapasuka linavyotaka lenyewe.

Kupanga ukuta bila saruji

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa sitaharakisha.

Nashauri kuta na ngazi za bustani zipangwe kavu, jiwe juu ya jiwe, bila saruji. Kuna sababu ya fedha, ndiyo. Sababu kubwa zaidi ni ardhi yetu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, lava ikasimama pembezoni mwa mji, na siku zilizofuata ardhi ilitikisika usiku na mchana. Tulipoamriwa kuondoka, familia yangu ilikimbilia Sake. Tuliporudi nilikuta ukuta wangu wa saruji, mrefu mpaka kifuani, umelala chini kipande kimoja, na mmea wangu wa maua uitwao mwiba wa Kristo uko chini yake. Kuta kavu zilizoishia magotini zilikuwa zimesimama. Mawe machache yalikuwa yametoka, nikayarudisha asubuhi moja. Ukuta mkavu unajitikisa, unakaa upya. Wa saruji haujui kujitikisa, unaanguka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usivuke goti. Sentimita 50 zinatosha. Ukitaka urefu zaidi, jenga ngazi mbili au tatu zenye nafasi ya mita moja kati yake, kila moja ikiishia goti.

Safisha mwamba wa chini mpaka uguse sehemu ngumu. Kama kuna mteremko, tafuta au chonga kijukwaa. Ukuta uliosimama juu ya mteremko unatembea. Tandika yale mawe ya kichwa, uso mpana chini, na uyapange safu mbili zenye uwazi kati yake. Msingi uwe na upana wa sentimita 40 hivi kwa ukuta wa sentimita 50. Hapo kati jaza mawe ya yai, moja moja kwa mkono. Usimwage. Mawe yaliyomwagwa huacha mapango, na mwezi wa pili ukuta unazama katikati.

Safu ya pili, kila jiwe likalie mawe mawili, lisikalie moja. Mshono wa juu usiangukie juu ya mshono wa chini. Mshonaji anaelewa hili haraka: hakuna anayeweka maungio mawili ya kitambaa mahali pamoja kwenye bega la koti. Kila baada ya hatua moja, tafuta jiwe refu linalotoka uso wa mbele mpaka wa nyuma, ulilaze kukata ukuta. Hilo ndilo kufuli. Ukuta usio na kufuli hugawanyika kama mkate.

Kila safu irudi ndani kidogo. Kwa sentimita 50 za urefu, uso wa mbele uwe umerudi nyuma kama sentimita 8 au 10. Macho yako yataudhika mwanzoni, yatasema umeinama. Yaache yaudhike.

Ukiweka jiwe, lisukume kwa kidole gumba. Likicheza, ligeuze. Likicheza upande wa pili, ligeuze tena. Jiwe lina pande sita za kujaribu na kwa kawaida moja inakaa. Usizibe jiwe linalocheza kwa kipande chembamba upande wa mbele. Kitatoka mvua ya kwanza. Kipande cha kuzibia kiingie kutoka nyuma au ndani. Safu ya mwisho iwe ya mawe mapana na mazito, na ukimaliza panda juu, tembea polepole. Panapolia, bomoa safu mbili, rudia. Nilibomoa ukuta wangu wa pili mara tano, na huo ndio niliojifunzia.

Vijia ni rahisi: punje zenye unene wa vidole vitatu, pembeni mawe ya ngumi. Upana uruhusu mtu mwenye bidoni mkononi. Inatosha.

Mapambo: kidogo, na kwa sababu

Weusi wa lava unabeba rangi vizuri kuliko ukuta mweupe wowote, na ndiyo maana watu huzidisha. Sheria yangu ninayoitumia dukani ni rangi tatu kwa vazi moja. Bustanini nimechagua nyeupe, manjano na bluu ya ziwa. Kigae chekundu, hata kiwe kizuri namna gani, nampa jirani.

Vifaa viko kila mahali. Sahani zilizovunjika baada ya harusi, vigae vilivyobaki kwa mafundi, vizibo vya bia na soda, chupa, vioo vilivyopasuka. Huko Chandigarh, India, mkaguzi wa barabara aitwaye Nek Chand alianza mwaka 1957 kupanga mawe na takataka za namna hii, hata bangili zilizovunjika, akatengeneza mamia ya sanamu za watu na wanyama. Alifanya kwa siri kwenye ardhi ya serikali. Ilipogunduliwa miaka ya 1970 ilinusurika kubomolewa kwa sababu wananchi waliipenda, na mwaka 1976 ikafunguliwa rasmi. Yeye alibahatika. Wewe, kama umepanga nyumba, zungumza na mwenye nyumba kabla, na muandikiane kwamba mawe uliyoleta ni yako. Ukuta mkavu una faida hiyo pia: unahamishika.

Pambo langu kubwa ni kundi la sambaza, wale samaki wadogo. Kila mtu wa Kivu anawajua kwenye sahani, lakini wachache wanajua kwamba samaki hawa si wa asili ya ziwa letu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kama sisi wengi wa mji huu, walikuja, wakazaana, wakawa wa hapa. Niliwakata kwenye vioo vilivyovunjika, kila mmoja urefu wa kidole, wanapanda ukutani kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Jua la asubuhi likiwapiga, wanaogelea kweli. Siri ni moja: wote waelekee upande mmoja, isipokuwa watatu au wanne waliogeuka kidogo. Wote wakinyooka sawasawa wanakuwa misumari.

Kabla ya kubandika, piga bandi. Fundi cherehani hashoni moja kwa moja, hushikiza kwanza. Nawe bandika vipande kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, rudi nyuma hatua kumi, uangalie, uache usiku mmoja. Asubuhi utahamisha nusu yake.

Kubandika kwenyewe hutumia saruji kidogo, na hapo ndipo saruji inapofaa, kwenye mapambo na si kwenye ukuta. Kopo moja la saruji, makopo matatu ya mchanga uliooshwa, maji ya kutosha kupata uji mzito usiodondoka mwikoni. Changanya kidogo tu, utakachokimaliza kabla ya saa moja kupita. Jambo ambalo wengi hawalijui: lowesha lava vizuri kabla. Jiwe hili lina vitundu, likiwa kavu linanyonya maji ya saruji, na saruji iliyonyonywa maji inakuwa unga. Ukimaliza, funika kwa gunia lililoloweshwa, ulilowesha asubuhi na jioni kwa siku saba. Vaa glavu, saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, na utaligundua hilo usiku.

Kuhusu vioo. Kuna mama mmoja wa Afrika Kusini, Helen Martins, aliyeishi kijiji cha Nieu-Bethesda na kujaza uwanja wa nyumba yake sanamu za saruji, zikiwemo za bundi, na kuta zake akazipaka vioo vilivyosagwa. Kazi yake inatazamwa hadi leo na watu kutoka mbali. Lakini kusaga vioo kwa miaka mingi kuliharibu macho yake, naye aliishi kwa ajili ya mwanga na rangi. Usisage kioo. Kikate kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa kilicholowa, ukiwa na miwani, na makali ya pembeni uyasugue kwenye lava yenye maji mpaka kidole kipite bila kuumia. Lava ni tupa nzuri sana. Mahali ambapo mtoto anafika kwa mkono, usiweke kioo kabisa, weka kigae.

Chupa zikisimamishwa, mdomo uwe chini. Chupa yenye mdomo juu ni nyumba ya mbu. Betri, chupa za dawa, vyombo vya rangi za zamani na mafuta ya gari visiingie bustanini hata kama rangi yake inakupendeza.

Udongo unatengenezwa

Goma udongo mweusi ni mali. Usiutandaze, uweke mifukoni. Mfuko ni ufa au shimo la asili lenye upana wa kuanzia sahani mpaka karai, na kina cha kiganja kilichosimama. Kumi zinatosha kuanzia.

Ziba kwanza chini. Weka mawe ya yai penye ufa mpana, kisha punje, kisha tambara la pamba. Mimi natumia vipande vinavyobaki chini ya cherehani. Vitenge vya pamba vinazuia udongo usitoroke ardhini, vinapitisha maji, na vikioza mizizi imeshashika udongo yenyewe. Nailoni haifai, haiozi.

Mchanganyiko wangu: karai mbili za mboji, moja ya udongo mweusi, moja ya lava laini iliyochekechwa. Mboji ninaipata kwa maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya maharage, na mbolea ya kuku iliyokaa miezi mitatu, maana mbichi inaunguza. Kitu cha thamani kuliko vyote hakina bei: alizeti mwitu, yale maua ya manjano yanayoota kwenye nyua na kando za njia. Majani yake yana rutuba nyingi na yanaoza haraka. Yakate kabla hayajatoa mbegu, yachanganye kwenye rundo. Lava yenyewe ina madini mengi, ila inayaachia polepole sana. Inahitaji kitu kinachooza pembeni yake.

Mimea

Panda Septemba mvua zikianza, au Machi. Juni usipande, utabeba maji kila siku mpaka mabega yachoke.

Penye jua la kutwa weka shubiri, mkonge wa mapambo wenye majani kama panga, na mimea yenye majani manene yaliyojaa maji. Hii ndiyo marafiki wa lava. Bogenvilia mpe ufa mmoja mkubwa peke yake, na baada ya maua mkate bila huruma, la sivyo atameza ukuta uliohangaikia. Mnyaa unajenga uzio mzuri na unakubali ukame, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni taabu kubwa. Ukate ukiwa na miwani, unawe mikono kwa sabuni, na kama kuna watoto wadogo nyumbani uache kabisa. Kwenye kivuli weka kangaga kwenye nyufa nyembamba. Kangaga haombi udongo mwingi, anaomba unyevu. Kana weka pale tu maji ya bomba au ya kunawia yanapopita.

Mimea mingi ya hapa haihitaji kununuliwa. Omba kipande kwa mama jirani. Kipande cha shubiri au cha mmea wenye majani manene kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ndipo ukipande. Ukikipanda kibichi kinaoza.

Mmea mmoja kwa mfuko. Rundo la mimea linaficha jiwe, na tulikubaliana mwanzoni kuhusu hilo.

Maji ni jioni, kikombe kimoja kwa mfuko, chini kwenye udongo. Maji ya ziwa Kivu yana madini mengi. Hayaui mimea hii, lakini yakimwagwa juu ya majani yanaacha utando mweupe. Ya kusuuzia nguo yanafaa kama sabuni imeshatoka. Siku ambazo moshi wa volkano umeelekea mjini, mvua inakuja na tindikali, na utaona madoa ya kahawia kwenye majani laini. Yasuuze kwa maji safi asubuhi inayofuata. Mimea yenye majani manene huvumilia zaidi.

Usizidishe kona ya kwanza

Anza na kona ya hatua tatu kwa tatu: ukuta mmoja wa goti, mifuko minne, pambo moja. Mimi ilinichukua majuma sita, nikifanya kazi baada ya kufunga duka na Jumapili mchana. Ikikamilika, usiguse ya pili mpaka mvua kubwa moja ipite juu yake. Asubuhi baada ya mvua hiyo toka na kile kipande cha chokaa. Weka alama kwenye kila jiwe lililosogea, kila mfuko ambao udongo wake umeshuka, na kila mahali maji yamesimama. Jiwe lililosogea, bomoa safu mbili juu yake na upange upya. Mfuko ulioshuka, toa mmea, ongeza punje na tambara, rudisha. Maji yaliyosimama, vuta kokoto kutoka kwenye kijia mpaka yapate pa kwenda. Alama zote zikifutika, chukua kamba, pima kona ya pili kuanzia kwenye jiwe la mwisho la ukuta wa kwanza.